MAMA NA BINTIYE WAFUMA KOFIA ZA WATOTO WACHANGA

Kinangop ni nchi ya viazi, kabichi na maziwa, nayo ni nchi ya baridi. Katika miezi ya Julai na Agosti ukungu hushuka kutoka milima ya Nyandarua ukakaa mashambani mpaka saa nne za asubuhi, na siku nyingine mkulima huamka akakuta majani ya viazi yamechomwa na umande ulioganda. Mtu mzima huvaa koti zito akaenda kukama ng'ombe. Lakini mtoto aliyezaliwa na uzito wa kilo moja na nusu hana koti la kumfaa, na hata nguo iliyo ndogo kuliko zote dukani humpwaya.

Kwa ajili ya watoto wa namna hiyo, mama mmoja wa huko, mkulima mwenye ng'ombe watatu, alikaa jikoni kando ya moto pamoja na binti yake wa miaka 15, likizo nzima ya Agosti ya mwaka 2024, wakifuma kofia. Walifuma kofia 43. Hesabu hiyo ni ya hakika, kwa kuwa baba wa nyumba ni karani wa chama cha ushirika cha maziwa, naye hawezi kuona kitu kinachohesabika asikiandike daftarini.

Mambo yalianza katika mkutano wa chama cha akina mama wa kijiji, ambacho wanachama wake hutoa shilingi 200 kila wiki na kupokezana fedha kwa zamu. Siku hiyo alikuja mwuguzi wa hospitali, kutoka wodi ya watoto wachanga. Hakuomba fedha. Alitoa chungwa mkobani, akalipitisha kwa kila mama alishike, kisha akasema kwamba kichwa cha mtoto aliyezaliwa miezi miwili kabla ya siku zake hakilipiti chungwa lile kwa kitu kikubwa. Akaeleza kwamba kofia zinazoletwa na jamaa za wazazi ni nzuri, lakini nyingi humshuka mtoto mpaka kidevuni. Aliyeweza kufuma kofia ndogo na azilete.

Yafaa kueleza kwa nini mwuguzi aombe kofia, wala asiombe kitu kingine. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili wake. Karibu sehemu moja katika tano ya ngozi yake yote iko kichwani. Basi kichwa kikiwa wazi, joto hutoka humo upesi. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na mafuta maalumu chini ya ngozi yanayomtengenezea joto, lakini aliyezaliwa mapema hana akiba hiyo ya kutosha, na ngozi yake ni nyembamba. Joto la mwili likishuka chini ya digrii 36.5 amekwisha kuwa hatarini: hutumia nguvu zake zote kutafuta joto, hana nguvu za kunyonya, na asiponyonya hupoa zaidi. Hayo huweza kutokea hata mahali penye jua kama Mombasa, sembuse Kinangop.

Nao si watoto wachache. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 walizaliwa duniani watoto milioni 13.4 kabla ya kutimiza majuma 37 ya mimba. Hapa Kenya uchunguzi wa afya wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 33 walikufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 hesabu hiyo ilikuwa 21. Imepungua, ndiyo, lakini 21 si kitu kidogo kwa mwenye kuwazika.

Mama huyo alirudi nyumbani akashusha kopo la biskuti lililokuwa juu ya kabati. Ndani yake mlikuwa na sindano za kufumia za marehemu mama yake. Bibi huyo alijifunza kufuma akiwa mke kijana, katika kikundi cha Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952 kufundisha wanawake kushona, kufuma, kupika na kutunza watoto. Wapo waliovisema vibaya vikundi vile, maana vilikuwa chini ya mkono wa serikali ya kikoloni katika miaka ya Hali ya Hatari, na maneno yao hayakukosa sababu. Hata hivyo bibi alitoka huko na ufundi mikononi, akawafumia watoto wake sweta za shule, na jozi tatu za sindano zake zimefika mpaka leo bila kupinda.

Binti wa nyumba amepewa jina la bibi huyo, kama ilivyo desturi ya Wakikuyu kwa msichana wa pili. Kwa hiyo mama yake, anapomsemesha kwa upendo, humwita "mama". Lakini wakati wa likizo hiyo hakuwa amemwita hivyo kwa siku nyingi. Hapakuwa na ugomvi kati yao, wala msichana hakuwa na tabia mbaya. Palikuwa na kimya tu. Alirudi kutoka shule ya bweni, akafanya kazi aliyoambiwa, akajibu alipoulizwa, kisha akaingia chumbani na simu ya dada yake mkubwa iliyokuwa imemzeekea. Wazazi wengi wenye watoto wa umri huo wanakijua kimya cha namna hiyo, na wengi hukingojea kipite chenyewe.

Mama hakumwita. Aliweka kigoda cha pili karibu na moto, akaweka juu yake sindano mbili na donge la uzi wa kijivu, akaendelea na kazi yake. Siku ya tatu msichana alikaa.

Kwanza mambo hayakwenda vizuri. Msichana alivuta uzi kwa nguvu mno, vitanzi vikabana, sindano ikakataa kupita. Alipolegeza, vingine vilidondoka na kofia ikawa na matundu kama kichujio cha chai. Kosa la mama lilikuwa jingine: kila jioni alichukua kazi ya binti yake, akaifumua bila kusema neno, akairudisha ikiwa imeanzwa upya kwa mkono wake mwenyewe. Alidhani anamsaidia. Msichana aliona kwamba kazi yake haihesabiwi, akaacha kuja jikoni siku mbili.

Lililomrudisha ni kosa la mama. Usiku mmoja, akifuma huku anasikiliza bei za viazi katika redio, mama alipoteza hesabu akapunguza vitanzi kabla ya wakati wake, na kofia ikatoka imechongoka kama faneli. Msichana, aliyekuwa akipita kuchukua maji, aliiona akacheka. Mama naye akaitazama, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Halafu akampa binti kofia ile, akamwambia, "Ifumue wewe." Tangu usiku huo kila mmoja alifumua kazi ya mwenzake mbele ya macho yake, tena kwa kueleza kosa liko wapi.

Kwa msomaji ambaye mkewe, mama yake au binti yake angependa kujaribu, kofia yenyewe ni hivi. Hutakiwa sindano za milimita 4 na uzi wa sweta wa unene wa kati, ulio laini, usio na manyoya. Huanza kwa vitanzi 56. Ukingo hufumwa vitanzi viwili kwa mbele na viwili kwa nyuma, ili uvutike, mpaka upana wa vidole vitatu. Kisha hufumwa mstari mmoja mbele na mmoja nyuma mpaka kofia itimize urefu wa sentimita 11. Ndipo huja kupunguza: vitanzi sita hufumwa, viwili vinavyofuata huunganishwa kuwa kimoja, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari. Hufuata mstari mmoja bila kupunguza, kisha hufumwa vitanzi vitano na kuunganisha viwili, kisha vinne, mpaka vibaki saba. Uzi hupitishwa ndani ya hivyo saba ukavutwa, na upande hushonwa. Usitie kifungo, utepe wala kishada. Vitu hivyo hukatika vikaingia kinywani, au humnyonga mtoto. Kofia ifuliwe kwa sabuni na maji ya moto kidogo kabla ya kupelekwa.

Katika juma la pili msichana aliweza kumaliza kofia moja kwa jioni moja. Baba naye alianza kuingia jikoni baada ya kazi, eti kuja kuhesabu, lakini mara alionekana amenyosha mikono miwili ikizungushwa uzi, na mvulana mdogo wa nyumba akiviringisha madonge. Wako wanaume watakaocheka wakisoma habari hii. Yafaa wajue kwamba katika kisiwa cha Taquile, kilicho ndani ya ziwa Titicaca nchini Peru, wafumaji wa kofia ni wanaume, na wavulana hufundishwa kazi hiyo tangu utoto. Ufundi wa nguo wa kisiwa hicho ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu wote. Huko mtu asiyejua kufuma ndiye anayechekwa.

Uzi wa kijivu ulipokwisha, msichana alitia mkono katika kopo la biskuti atafute mabaki. Chini kabisa, chini ya karatasi, alikuta kofia ya manjano iliyokwisha kufumwa. Ilikuwa ya kiasi cha mtoto wa kawaida, nayo haikuwa na doa. Akauliza ni ya nani.

Mama alikaa kimya kitambo, akasema, "Ni ya ndugu yako."

Mwaka 2017 mama huyo alijifungua mtoto wa kiume aliyekuwa na miezi saba. Aliishi siku tatu. Msichana alikuwa na umri wa miaka minane. Aliambiwa kwamba mtoto amerudi kwa Mungu, na tangu siku hiyo neno hilo halikutajwa tena katika nyumba ile. Baba alidhani kwamba kutotaja ndiko kumhurumia mama, na mama alidhani kwamba kutotaja ndiko kuwahurumia watoto.

Sasa, mbele ya moto, mama alieleza. Alisema kwamba kofia ile aliifuma mwenyewe kabla ya wakati, na mtoto alipozaliwa ilimfunika uso mzima, ikabidi avuliwe. Alilazwa ndani ya kisanduku cha joto pamoja na watoto wengine wawili, kwa kuwa visanduku havikutosha, na mama aliruhusiwa kumwona kwa saa maalumu tu. Usiku wa tatu umeme ulikatika. Asubuhi aliitwa.

Msichana alisikiliza, sindano zimesimama mikononi. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote kwa miaka saba. Usiku ule uchungu ulipoanza, yeye ndiye aliyetumwa kwenda kumwamsha jirani mwenye gari. Alifika langoni, mbwa wakabweka, akaogopa, akasimama pale gizani asijue la kufanya. Alisimama muda mrefu. Mwisho jirani mwenyewe alisikia mbwa akatoka. Mtoto alipokufa, msichana alijua moyoni mwake kwamba sababu ni yeye.

"Ulisimama kwa muda gani?" mama aliuliza.

"Sijui. Muda mrefu."

Mama aliweka kazi yake chini. "Mama," akamwambia, "mtoto hakuzaliwa usiku ule. Gari lilitufikisha saa tano. Nililala hospitalini usiku kucha na kutwa nzima ya pili yake, na mtoto alizaliwa siku ya tatu, jua limekwisha kutoka. Hata kama ungesimama pale langoni mpaka jogoo awike, lisingebadilika neno."

Msichana aliuliza tena, ili ahakikishe, kama ni kweli ilikuwa siku ya tatu. Mama akamwita baba, na baba, kwa tabia yake ya ukarani, akaenda kuleta karatasi ya hospitali aliyokuwa ameihifadhi pamoja na stakabadhi za shamba. Tarehe na saa zilikuwa zimeandikwa. Msichana alizisoma mwenyewe. Usiku huo hakufumwa kitu.

Ijumaa ya mwisho ya likizo mama na binti walipanda matatu na katoni ya kofia 42 magotini. Mwuguzi aliwapokea, akawanawisha mikono, akawasimamisha mlangoni pa chumba chenye vitanda sita. Katika kila kitanda alikaa mama ameegemea mito, na kifuani pake, ngozi kwa ngozi, ndani ya kitambaa kilichofungwa imara, alilala mtoto asiyevaa kitu ila nepi, soksi na kofia. Katika kitanda cha mwisho aliyembeba mtoto alikuwa baba, mama wa mtoto amekwenda kuoga. Hapakuonekana kisanduku hata kimoja.

Malezi hayo huitwa ya kangaruu, kwa mfano wa mnyama wa Australia anayebeba mtoto mfukoni. Yalianza mwaka 1978 katika mji wa Bogotá, nchini Colombia, ambako daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi kuliko visanduku vya joto. Kwa miaka mingi watu waliyadhania kuwa dawa ya maskini, ya kutumia pale ambapo vyombo havipo. Lakini mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye uzito wa kilo moja hadi chini kidogo ya 1.8. Kati ya waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, walikufa 12 katika kila 100. Kati ya waliongojewa kwanza wapate nguvu katika visanduku, walikufa karibu 16. Tofauti ilikuwa dhahiri hata uchunguzi ukasimamishwa kabla ya wakati wake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliagiza kwamba mtoto wa namna hiyo akae kifuani kwa saa 8 hadi 24 kila siku, kuanzia anapozaliwa. Mwili wa mama hutunza joto la kifua na mgongo; kichwa, kilicho nje ya kitambaa, huachiwa kofia.

Mama wa Kinangop alisimama pale mlangoni kwa muda. Aliuliza swali moja tu: kama katika mwaka 2017 jambo hilo lilikuwa linajulikana. Mwuguzi alimjibu kwa heshima kwamba lilijulikana mahali pengine, na mahali pengine bado. Mama akatikisa kichwa. Msichana, aliyekuwa akitazama kitanda cha karibu, alimgusa mama mkono akamwonyesha: kofia ya kijivu, yenye kasoro ndogo ukingoni upande wa kushoto, ilikuwa imekwisha kuvalishwa. Aliijua kasoro ile.

Waliporudi, jioni hiyo hiyo, mama alitoa kofia ya manjano katika kopo. Siku chache kabla, msichana alikuwa ametaja kwamba uzi wake ungefaa kutumiwa tena, na mama alikataa bila kueleza. Sasa alitafuta ncha ya uzi kileleni, akaikata, akaanza kufumua. Msichana alinyosha mikono miwili uzi uzungushwe. Uzi uliokaa miaka saba umefumwa hutoka umejikunja kama nywele. Waliuosha, wakauning'iniza juu ya jiko ukiwa umefungiwa kijiko kizito chini ili unyoke, na asubuhi ulikuwa tayari.

Kofia kubwa moja hutoa kofia ndogo moja, na uzi hubaki. Mama alifuma ukingo, msichana akafuma sehemu ya juu, na vitanzi saba vya mwisho alivivuta yeye. Baba alifungua daftari. Chini ya hesabu ya kofia 42 aliandika "1", akaandika mbele yake jina ambalo mtoto yule angeitwa, jina la babu mzaa baba, akafunga daftari.

Jumapili msichana alifunga sanduku lake la shule. Katika orodha ya vitu vinavyoruhusiwa bwenini sindano za kufumia hazikutajwa. Basi mama aliketi mezani akamwandikia mlezi wa bweni barua ya mistari mitatu: kwamba sindano hizo mbili na donge dogo la uzi wa manjano ni za kufumia kofia za watoto wachanga, kwamba mwenye sindano hizo ni marehemu bibi wa mwanafunzi, na kwamba zikipotea aarifiwe.